Wimbo Katika Tamthiliya: Mwanafunzi wa Bukavu na Uteuzi wa Chuo
Mwanafunzi wa Bukavu anayetaka kusomea tamthiliya yenye nyimbo aghalabu huelekezwa Kinshasa, kwenye Institut National des Arts. Ushauri huo una kasoro: huko muziki na uigizaji ni vitengo viwili, tena hufundishwa kwa Kifaransa. Makerere inakaribia zaidi haja yake, kwani tangu 1971 imeviweka muziki, ngoma na drama chini ya paa moja, ingawa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, kulinganisha vyuo kwa majina ya idara hakutoshi. Kigezo ni kazi ya wimbo jukwaani. Katika Lina Ubani (1984), Penina Muhando, mhadhiri wa Dar es Salaam, hakuutumia wimbo kama pambo la kupumzishia watazamaji. Wimbo na usimulizi vinabeba tendo lenyewe, na kwa Kiswahili. Anayetafuta Broadway atalipita somo hilo. Ataipita pia Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 hufundisha ngoma, muziki na maigizo pamoja.

Kizuizi kikubwa, basi, si cha kisanaa: Diplôme d'État ya Kongo sharti kwanza ilinganishwe na vyeti vya Uganda au Tanzania.