Sungura Amechoka: Vitabu vya Sayansi vya Watoto na Jiwe la Ivuna

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, eneo ambalo leo liko wilaya ya Momba mkoani Songwe. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Yaani ukivirundika vyote kwenye mzani wa dukani, havifiki kilo moja ya sukari. Lakini ndivyo vilivyolipa jina kundi zima la vimondo. Wanasayansi wanaliita CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Kundi hili ni adimu sana, na ukiondoa gesi kama haidrojeni na heli, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia kabisa ule wa Jua lenyewe. Mwaka 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilileta duniani takriban gramu 5.4 za mawe na vumbi kutoka asteroidi Ryugu. Watafiti walipoanza kuzichambua, waliona zinafanana mno na jiwe la Ivuna.

Sasa nenda Tunduma, ingia steshenari, ulizia kitabu cha mtoto wa darasa la nne kinachosimulia habari hii. Mimi nimeulizia. Utaonyeshwa daftari, vitabu vya kiada, mkusanyiko wa mitihani iliyopita, na kwa bahati nzuri hadithi ya Sungura na Fisi.

Sina ugomvi na Sungura. Amenilea mimi, amekulea na wewe. Ugomvi wangu ni pale anapovalishwa koti jeupe la maabara. Kuna aina ya kitabu cha sayansi cha watoto ambayo ukishasoma vitatu unaweza kuandika cha nne ukiwa umelala. Sungura anashangaa: mvua inatoka wapi? Anakwenda kwa Mzee Kobe. Mzee Kobe anakohoa, kisha anatoa aya mbili zilizonyofolewa kutoka kitabu cha kiada, zenye maneno kama “mvukizo” na “mtonesho”. Sungura anashukuru. Ukurasa wa mwisho anaahidi kusoma kwa bidii, kunawa mikono na kuwaheshimu wakubwa. Hakuna mahali Sungura anapobisha, au anapojaribu kitu kikashindikana, au anapouliza swali la pili. Swali la pili ndiko sayansi inakoanzia, na humo halimo.

Kwa nini tunaandika hivi? Jibu rahisi ni kwamba waandishi hawajui sayansi na wanasayansi hawajui kuandika. Ni kweli kidogo. Ila mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba kitabu cha mtoto Tanzania hakinunuliwi na mtoto, na mara nyingi hakinunuliwi hata na mzazi wake. Soko ni shule, na nyuma ya shule yuko mkaguzi au mfadhili.

Tuangalie historia kidogo. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa wa busara: mchapishaji anatoa kitabu, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na waandishi na wachoraji wanapewa mafunzo. Bila mpango ule hadithi nyingi za watoto za Kiswahili zisingechapishwa kabisa, nami nauheshimu. Lakini mnunuzi mkubwa akiwa mmoja, kila mwandishi hujifunza haraka anachokipenda mnunuzi huyo. Halafu mwaka 2013 serikali iliivunja EMAC, kamati iliyokuwa inapitisha vitabu vya shule, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania. Wachapishaji binafsi, ambao walikuwa wanaishi kwa kiada, wakabaki kwenye vitabu vya ziada, na navyo vinahitaji ithibati. Sisemi ithibati ni mbaya. Hakuna anayetaka mtoto afundishwe kwamba Mwezi unatoa mwanga wake wenyewe. Lakini mwandishi anayewaza ithibati anaandika kwa woga. Anaweka istilahi rasmi ili aonekane yuko sahihi, na funzo mwishoni ili aonekane ana manufaa.

Linganisha na Ubongo Kids, vibonzo vilivyoanza kurushwa kwenye televisheni mwaka 2014. Vinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, wahusika wanakwama, wanakosea, wanaimba, wanajaribu tena. Tofauti na vitabu vyetu si kipaji tu. Mtoto anayeangalia televisheni anaweza kubadilisha chaneli, kwa hiyo mtunzi analazimika kumshawishi yeye. Kitabu cha maktaba ya shule hakina rimoti.

Kuna hoja nyingine huwa naisikia kila nikizungumzia jambo hili: Kiswahili hakina maneno. Jamani. TUKI walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Maneno yapo, na mengine yana matatizo yake. Mfano ni “kimondo”. Neno hilohilo ni mwanga unaopita angani usiku, na ni jiwe linaloonekana baadaye likiwa chini. Mtoto akiambiwa kimondo ni mwanga halafu akaonyeshwa jiwe jeusi, atachanganyikiwa, na ana haki. Lakini mbona hapo ndipo kitabu kizuri kingeanzia! Mwanga ulikuwa wapi, na jiwe limetoka wapi, na kwa nini watu wakaviita kwa jina moja? Pwani wazee walisema kimondo ni moto anaopigwa nao shetani. Weka na hilo. Mtoto aone kwamba watu wamekuwa wakijiuliza tangu zamani.

Sasa nirudi Ivuna, maana nadhani pale kuna dawa ya ugonjwa huu. Kabla ya kujulikana kwa kimondo, Ivuna ilikuwa mahali pa chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi unaorudi nyuma hadi karibu karne ya 13: watu walichemsha maji ya chumvi kwenye vyungu mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki. Shika hilo. Mwaka 2023 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi nyingine, Bennu. Januari 2025 watafiti walitangaza kwamba ndani yake wamekuta madini ya chumvi ya aina mbalimbali, yanayobaki pale maji yenye chumvi yanapokauka polepole. Maana yake ni kwamba ndani ya mwamba mama wa asteroidi ile, zamani sana, palikuwa na maji, yakakauka, chumvi ikabaki.

Umeona? Mwandishi akianza na kamusi, atahitaji kurasa nne kumweleza mtoto mambo haya, na mtoto atalala ukurasa wa pili. Akianza na chungu cha Ivuna, anahitaji sentensi tatu. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Nyumbani kwenu hivyo, na angani hivyo. Na hapo swali la pili linajileta lenyewe: maji ya asteroidi yalichemshwa na nani, na moto gani? (Hayakuchemka. Joto la ndani liliyeyusha barafu, na baadaye maji yalikauka au kuganda. Lakini mwache mtoto akisie kwanza, usimletee Mzee Kobe.)

Nasisitiza hili kwa sababu muda wenyewe ni mfupi. Mtoto wa Ivuna anaweza kuwa anazungumza Kiwanda nyumbani (lugha ya Wawanda, si kiwanda cha saruji), shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza sayansi yote inageuka Kiingereza. Kiswahili kina miaka michache tu ya kumfanya ajione kuwa mtu anayeweza kuuliza. Asipokutana na kitabu kinachomfurahisha katika miaka hiyo, cha kwanza atakachokutana nacho kitakuwa katika lugha ambayo bado anaikariri.

Wachapishaji watajibu kuwa kitabu cha sayansi kina gharama: mtaalamu wa kukihakiki, picha za rangi, na wanunuzi wachache. Ni hoja nzito, siibezi. Lakini tangu 2014 kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, ambako mtu yeyote anaweza kusoma, kutafsiri na kubadilisha hadithi bure. Mwalimu mwenye simu anaweza kupakua kitabu na kukichapa kurasa chache. Lawama yangu kwetu sisi tulio vyuoni ni kwamba tunaitumia njia hii kutafsiri zaidi kuliko kutunga, na tukitafsiri tunamhamisha mtoto wa mahali pengine pamoja na theluji yake. Mhakiki wa bure yupo: ni wewe mwenye shahada ya jiolojia unayesoma hapa.

Na wachoraji nao tuwaseme kidogo. Picha ya kawaida ya kimondo ni mpira wa moto unaogonga ardhi na kuunguza majani. Jiwe dogo kama la Ivuna haliji hivyo. Mwanga wake huzimika likiwa bado juu kilomita nyingi, hewa hulipunguza mwendo, na likifika chini huwa haliwaki tena. Kwa mtoto, jiwe lisilowaka lina maswali mengi kuliko linalowaka. Hata ukubwa tunaupamba. Kimondo cha Mbozi, kilichoko mkoa huohuo, kinakadiriwa kuwa na tani 16, na ndicho kinachopelekewa wageni. Cha Ivuna hakifiki kilo, ila ndicho ambacho mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa kina asidi za amino zilizotoka angani. Kitabu kizima kinaweza kusimama juu ya swali moja tu: kati ya haya mawili, ungechagua lipi?

Kipande kimoja cha gramu 202 kilinunuliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London mwaka 2008, na kinatunzwa ndani ya naitrojeni ili hewa isikiharibu. Wengi wa watoto wa Momba hawatakiona isipokuwa kimechorwa. Basi mchoraji akichore cheusi, kidogo, cha kuenea kiganjani, na pembeni yake aweke sarafu ya shilingi 200.