Masimulizi Mawili, Meza Moja

Klabu ya vitabu ikitaka kusoma riwaya inayotokea Ulaya, mjadala huanzia kwenye nchi. Mmoja anapendekeza Uingereza kwa sababu dada yake yuko huko, mwingine anataka Ujerumani, wa tatu anasema Ulaya tuliisoma ya kutosha shuleni. Kitabu kinaishia kuchaguliwa kama tiketi ya ndege, kwa kuangalia kinakotua. Nadhani tungeuliza jambo jingine kwanza: ni nani anasimulia, anamsimulia nani, na anaficha nini? Riwaya mbili zinaweza kutokea mtaa mmoja wa London na zisifanane hata kidogo, kwa sababu moja ina sauti isiyopingwa na nyingine inajipinga yenyewe.

Kwa wasomaji wa Bukoto, Kampala, hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwandishi. Ukishuka Kira Road kuelekea mjini unapita Kamwokya, ambako chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kimewakutanisha waandishi na wasomaji tangu miaka ya 1990. Na Waganda wenyewe wameiandika Ulaya vizuri. Jennifer Nansubuga Makumbi alitoa Manchester Happened mwaka 2019, akakigawa sehemu mbili, kuondoka na kurejea. Ni kitabu kizuri mno, lakini ni cha hadithi fupi, na klabu iliyokusudia riwaya itajikuta kila mtu anaongelea hadithi yake. Moses Isegawa, mzaliwa wa Kampala, aliandika Abyssinian Chronicles, iliyotoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1998. Msimulizi wake, Mugezi, anajua kila kitu: anajua hata baba yake alikuwa akiwaza nini mamba alipokuwa akimmeza. Sauti hiyo ina nguvu za ajabu, ila inakula nafasi yote. Tena Amsterdam inafika mwishoni kabisa, msomaji akiwa amechoka.

Kwa hiyo napendekeza By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001, miaka 20 kabla ya Nobel. Aliyekwisha kusoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake nyingine, iliyotoka 2022, tayari anaijua sauti ya mwandishi huyu. Lakini hapa muundo ni mwingine, na muundo ndio sababu yangu.

Tazama tukio la uwanja wa ndege wa Gatwick. Mzee Saleh Omar anafika kutoka Zanzibar kuomba hifadhi, mkononi ana pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Aliyemuuzia tiketi amemshauri asioneshe kwamba anajua Kiingereza, basi ananyamaza. Ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anabaki akisema peke yake. Anamwambia mzee kwamba wazazi wake pia walikuwa wakimbizi, kutoka Romania, ila wao ni watu wa Ulaya na wana haki ya kuwa pale. Mzee anaelewa kila neno, nasi tunajua kwamba anaelewa. Kama angejibu, ofisa angejihadhari na kuchagua maneno. Kwa kuwa anadhani haeleweki, anatoa yote yaliyo moyoni. Gurnah hakuhitaji kueleza mawazo ya Edelman hata kidogo. Kimya cha mzee kimemfanya aseme kila kitu.

Kisha mizigo inapekuliwa na kinatoka kikasha cha udi, ud-al-qamari. Hapo mwandishi anathubutu jambo ambalo mhariri mwenye haraka angelikata. Anamwacha ofisa mezani na kutupeleka kwa Hussein, Mwajemi kutoka Bahrain, aliyekuja na pepo za msimu miaka ya kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar. Tunapewa biashara nzima ya Bahari ya Hindi, majahazi na waliokuja nayo, kurasa kwa kurasa, ndipo turudi Gatwick. Kwenye meza ya ofisa zimepita dakika chache tu. Kwenye pua ya mzee zimepita karne. Edelman anakichukua kikasha, na kwa sababu ya yale masimulizi marefu tunajua thamani ya kilichochukuliwa, jambo ambalo yeye hataweza kulijua. Anayeziona kurasa zile kama kupotea njia azisome tena: ndizo zinazoufanya uporaji ule mdogo uumize.

Kimya hicho hicho ndicho kinachozaa sehemu ya pili. Rachel Howard, anayemshughulikia mzee, anatafuta mkalimani, na anayempata ni Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London. Latif ni mtoto wa yule Rajab Shaaban ambaye mzee anatumia jina lake. Msomaji mkali atasema hii ni bahati iliyopangwa na mwandishi, na ni kweli. Lakini naikubali, kwa sababu inageuza riwaya kuwa kesi yenye mashahidi wawili. Latif anashika usukani na kusimulia kwa nafsi ya kwanza, na mzee tuliyeanza kumpenda anakuwa mtu aliyewanyang'anya kina Latif nyumba. Kuna meza ya mpingo, zawadi ya Hussein kwa Hassan, kaka yake Latif. Nyumba ilipokwenda na vyombo vyake, Latif akiwa mtoto alitumwa dukani kwa Saleh Omar kuiomba meza hiyo irudi. Hakupewa. Mzee naye ana maelezo yake, yenye hati, deni na dhamana. Meza ni moja. Kwa mmoja ni mali iliyopatikana kihalali, kwa mwingine ni aibu ya utotoni isiyofutika.

Ulaya yenyewe, mbali na Uingereza, inaingia kupitia Latif aliyepelekwa kusoma Ujerumani Mashariki. Huko Dresden anakutana na mama wa rafiki yake, mama aliyewahi kuishi Kenya enzi za walowezi. Kurasa hizo ni chache, na ningependa ziwe nyingi zaidi.

Sehemu ya tatu inawaweka wawili hao chumba kimoja katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, wakinywa chai na kurekebishana. Huyu anasema, yule anakatiza, huyu anakubali nusu. Hapo ndipo riwaya inafanana na klabu ya vitabu kuliko kitu chochote nilichosoma.

Ina upungufu, na lazima usemwe. Wanaosimulia ni wanaume tu. Asha, mama yake Latif, anahukumiwa na wote wawili bila kupewa hata ukurasa mmoja wa kujieleza. Salha, mke wa Saleh, anafariki mumewe akiwa gerezani, nasi hatujui aliuishije ule muda wa kungoja. Riwaya inayosisitiza kwamba kila hadithi ina upande wa pili imewanyima wanawake upande wao, na mtaa mmoja tu kutoka Kamwokya kosa hilo haliwezi kupita bila kuzungumzwa.

Bado naipigia kura. Haifiki kurasa 300, na inatoa cha kubishania kila baada ya kurasa chache. Ombi langu kwa watakaoichagua ni moja: msiisome yote kwa mkutano mmoja. Someni hadi mwisho wa sehemu ya pili, kutaneni, kila mtu aseme meza ile ni ya nani, halafu ndipo mfungue sehemu ya tatu.