Kamera Isiyo na Kioo Katika Chumba cha Mita Tatu

Wadi ya Sarang'ombe ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra jijini Nairobi, na mtaa wa Kibera, ambao wadi hiyo ni sehemu yake, una historia ya video za vifaa vidogo inayoweza kuchunguzwa hatua kwa hatua. Mwaka 2009 mradi wa Map Kibera uliwafunza vijana kuchora ramani ya mtaa wao kwa vipokezi vya GPS na kuiingiza katika ramani huria ya OpenStreetMap, na mwaka uliofuata kukazaliwa kutoka humo Kibera News Network, kikundi cha vijana kilichorekodi habari za mtaa kwa kamera ndogo za Flip na kuzipandisha YouTube. Kamera hiyo ilitoshea mfukoni, ikawa na lenzi isiyobadilishwa, maikrofoni ya ndani, kitufe kikubwa chekundu cha kurekodi na mkono wa USB uliochomoka ubavuni ili kupachikwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Kampuni ya Cisco, iliyoinunua biashara ya Flip mwaka 2009, iliifunga Aprili 2011, na simu za mkononi zikachukua nafasi yake.

Jambo linalostahili kuchambuliwa katika kisa hicho ni kwamba kamera yenyewe ilikuwa imekwisha kufanya karibu maamuzi yote ya kiufundi. Kwa kuwa haikuwa na njia ya maana ya kuvuta picha ya mbali, mpigaji alilazimika kumkaribia anayehojiwa, na kwa kumkaribia alikuwa pia ameisogeza maikrofoni karibu na kinywa, hata akapata sauti inayosikika bila kuwahi kufundishwa lolote kuhusu sauti. Kamera isiyo na kioo humrudishia mpigaji maamuzi hayo moja baada ya jingine, na kila uamuzi unaorudi huja na bei yake. Ndiyo maana mnunuzi anayezimaliza fedha zote kwenye mwili wa kamera huishia na picha nzuri zaidi na kipindi kibaya zaidi kuliko alichokuwa akikipata kwa Flip.

Kamera isiyo na kioo ni ile ambayo mwanga unaopita katika lenzi hufika moja kwa moja kwenye kihisi, yaani bapa la elektroniki linaloupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, bila kuakisiwa kwanza na kioo kuelekea kwenye tundu la kuchungulia kama ilivyo katika kamera za aina ya zamani. Panasonic ilitoa Lumix G1, ya kwanza katika mfumo wa Micro Four Thirds, mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaifuatisha GH1 iliyorekodi video. Kwa mnunuzi wa kipato kidogo leo, hasa yule anayetafuta kamera iliyokwisha kutumika, majina yanayojirudia ni Panasonic G7 ya mwaka 2015, Canon M50 ya 2018, Sony α6400 ya 2019 na Sony ZV-E10 ya 2021. Zote hurekodi video ya 4K, yaani yenye nukta nyingi kuliko ya HD, zote zina tundu la kuchomekea maikrofoni, na hakuna hata moja inayotuliza mtikisiko kwa kukisogeza kihisi chenyewe. Uteuzi baina yake, kwa hiyo, hauwezi kutegemea orodha ya sifa zilizochapishwa kwenye kasha, bali hutegemea mahali itakapofanyia kazi.

Mahali penyewe, katika Sarang'ombe kama kwingineko Kibera, mara nyingi ni chumba cha mabati au cha udongo chenye upande wa mita tatu hivi, chenye kitanda, kochi, meza na pazia la kugawa sehemu ya kulala. Baada ya kutoa nafasi ya samani na ya mpigaji mwenyewe, umbali unaobaki kati ya lenzi na anayehojiwa hauzidi sana mita mbili. Upana wa kinachoonekana hupatikana kwa kuugawanya upana wa kihisi kwa urefu wa fokasi, ambao ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na kihisi lenzi inapolenga kitu cha mbali sana, kisha kuzidisha kwa umbali wa mlengwa. Kihisi cha Sony hizo mbili kina upana wa milimita 23.5, hivyo lenzi ya milimita 50, ambayo husifiwa kwa wanaoanza kwa kuwa ni rahisi na ina tundu kubwa, itaonyesha sentimita 94 tu za chumba hicho: kichwa, mabega na kipande cha ukuta. Lenzi ya milimita 16 huonyesha karibu mita tatu, yaani mama, jiko lake na mtoto aliye mlangoni.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoifichua Canon M50. Inaporekodi 4K, kamera hiyo hutumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, ambayo upana wake ni takriban milimita 14 badala ya 22.3, na pia huupoteza mfumo wake bora wa fokasi ya kujiendesha. Kwa lenzi ya milimita 15 na umbali uleule wa mita mbili, mpigaji aliyekuwa na karibu mita tatu katika picha ya HD kamili hujikuta na mita moja na sentimita 87 katika 4K. Kamera hiyo inafaa sana kwa HD, na anayeinunua kwa ajili ya neno 4K lililoandikwa kwenye kasha ananunua kitu ambacho chumba hakitamruhusu akitumie.

Chumba ni kidogo, na pia kina giza hata saa sita mchana, kwa kuwa mwanga huingia kwa mlango na kadirisha kamoja. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f, ambayo ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu, hivyo namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi ya milimita 16 hadi 50 ambayo huuzwa pamoja na kamera za Sony hufunguka hadi f/3.5 inapokuwa pana kabisa, ilhali lenzi ya Sigma ya milimita 16, iliyotoka mwaka 2017 kwa Sony na kwa Micro Four Thirds, hufunguka hadi f/1.4 na kuingiza mwanga mara sita na robo zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile inayopatikana kwa kubadilisha mwili wa kamera kati ya hizo nne, na kama fedha zinatosha kununua kitu kimoja tu kizuri, basi kiwe lenzi ya aina hiyo, juu ya mwili wa zamani uliochakaa rangi. Kuibakiza lenzi moja kamerani siku nzima kuna faida nyingine pia, kwa kuwa vumbi la vichochoroni wakati wa kiangazi hutua kwenye kihisi mara tu lenzi inapofunguliwa.

Taa zina kasoro yake, ambayo wengi huidhania kuwa ubovu wa kamera. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo balbu za LED za bei ya chini na taa za mirija hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, ingawa jicho halioni. Kamera iliyotumwa na jamaa aliye Marekani huwa imepangwa kwa fremu 30 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kihisi huachwa kipokee mwanga kwa kila fremu, huwekwa kwa kawaida kuwa nusu ya muda wa fremu, ambayo hapa ni 1/60 ya sekunde. Muda huo haulingani na idadi kamili ya mapigo ya taa, kwa hiyo mistari myeusi hupanda na kushuka ukutani. Dawa yake haigharimu hata senti moja: katika menyu ya kamera huchaguliwa mfumo wa PAL badala ya ule wa Marekani wa NTSC, kisha fremu 25 na shata ya 1/50, na kila fremu hupokea mapigo mawili kamili. Ikiwa kamera haina chaguo hilo, shata ya 1/50 au 1/100 huondoa mistari hata kwa fremu 30.

Nje ya mlango hali hugeuka kabisa, kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na ikweta na jua la adhuhuri huwaka juu ya mapaa ya mabati yanayoakisi. Wapigapicha wana kanuni ya zamani isemayo kwamba katika jua kali tundu liwe f/16 na shata ilingane na kinyume cha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kuitikia mwanga. Kwa ISO 100 hiyo ni shata ya 1/100, na ikiwa shata imefungwa kwenye 1/50 kwa ajili ya video, tundu hulazimika kufika f/22, ambapo picha huanza kupoteza ukali. Kurudi f/2.8 ni hatua sita, na kila hatua huongeza mwanga maradufu, hivyo kinahitajika kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mara 64. Picha ya aina ya logi, ambayo huhifadhi rangi zilizopauka ili zihaririwe baadaye, huanzia ISO 500 katika α6400 na kulifanya tatizo hilo kuwa zito mara tano, huku kamera zenyewe zikihifadhi ngazi 256 tu za kila rangi, ambazo zikinyooshwa wakati wa kuhariri huacha mabaka angani. Kwa kamera za daraja hili, logi ni mzigo usio na faida.

Kuna kosa jingine ambalo kichujio hakiliponyi. Katika kichochoro chenye kivuli, ukanda wa anga baina ya mapaa huwa mwangavu mno, na kamera iliyoachwa ijipimie mwanga huupunguza kwa ajili ya anga, hata uso wa mtu mweusi ukabaki kama kivuli kinachozungumza. Mwanga hupimwa usoni, na anga iachwe ing'ae hadi iwe nyeupe. Au, ambalo ni bora zaidi, msemaji asogezwe hatua mbili hadi ukuta uwe nyuma yake.

Sauti ndiyo sehemu ambayo Flip iliitatua kwa bahati na ambayo kamera kubwa huiharibu. Kila umbali kati ya kinywa na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli sita, ilhali kelele za mtaa, yaani spika za kinyozi, posho mill, matatu na garimoshi linalokatiza Kibera, hubaki palepale. Maikrofoni ya kubanwa kifuani, sentimita 20 kutoka kinywani, ikilinganishwa na ile iliyo juu ya kamera umbali wa mita mbili, huipata sauti hiyo kwa desibeli 20 zaidi, na hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuirudisha tofauti hiyo baadaye. Maikrofoni hiyo, yenye waya na ya bei ndogo, yapaswa kununuliwa kabla ya lenzi ya pili. Miongoni mwa kamera nne zilizotajwa ni ZV-E10 pekee yenye tundu la vipokea sauti vya masikioni, ambavyo humwezesha mpigaji kusikia kinachorekodiwa, na kwa sababu hiyo pekee yaweza kupewa kipaumbele. Mwenye kamera nyingine aweza kuichomeka maikrofoni kwenye simu, kuiweka simu mfukoni mwa msemaji, na kupiga kofi moja mbele ya lenzi ili sauti na picha ziunganishwe baadaye. Mvua ikianza kupiga mabati, mahojiano huahirishwa.

Mengineyo ni mepesi. Stendi ya miguu mitatu huziba njia ya watu na mikokoteni, kwa hiyo ile ya mguu mmoja inafaa zaidi. Betri ya ZV-E10 hudumu takriban dakika 80 za kurekodi, na stima ikipotea kamera hiyo huendeshwa kwa pawabanki kupitia tundu la USB. Kamera nyingi za enzi ya hizo nne hukata zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59, kikomo kilichotokana na ushuru wa Ulaya uliozitoza zaidi kamera zinazorekodi nusu saa au zaidi, na anayerekodi baraza la chifu lazima akumbuke kubonyeza tena.

Kinachobaki ni uhifadhi, ambapo tofauti ya 4K na HD huonekana mfukoni. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, na HD ya megabiti 50 hula nusu yake, na kila saa hiyo inahitaji nafasi katika kadi, kisha katika diski mbili ili nakala moja ikipotea nyingine ibaki. Habari iliyokamilika ya dakika tatu, ikitolewa katika HD kwa megabiti nane kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango YouTube inachokipendekeza kwa HD kamili ya fremu 25, ni megabaiti 180 tu, mzigo ambao bando la kawaida la simu huupandisha bila kumtia mtu deni.