Bertha Teague Alikuwa Kocha

Mwaka 1985 Ukumbi wa Umaarufu wa Mpira wa Kikapu wa Naismith, kule Springfield, Massachusetts, ulimpokea Bertha Teague, ukamwandika katika kundi la wachangiaji. Mama huyu aliifundisha timu ya wasichana ya sekondari ya Byng, mji mdogo kaskazini mwa Ada katika jimbo la Oklahoma, tangu 1927 hadi 1969. Miaka 42 kwenye benchi lilelile ilimpa ushindi 1,157 na vipigo 115, ubingwa wa jimbo mara 8, na kati ya 1936 na 1939 mechi 98 mfululizo bila kupoteza hata moja. Mtu akikuwekea mezani karatasi yenye hesabu hizo, bila jina, akakuuliza mwenye nazo alikuwa anafanya kazi gani, utajibu hata kabla hajamaliza swali. Wateuzi wa Springfield walijibu vingine, na walikosea.

Mlango wa Ukumbi ulifunguliwa kwa wanawake kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, na hilo walilifanya vizuri. Lakini hebu tuangalie waliingia wakiwa wamevishwa nini. Senda Berenson aliitwa mchangiaji, na ni sawa kabisa: ndiye aliyeuchukua mchezo uliobuniwa na Naismith, akaupeleka kwa wanafunzi wake wa Smith College na kuuandikia sheria za wasichana. Margaret Wade aliitwa kocha, na ni sawa pia, kwani alishinda mechi 157 akiwa Delta State na kuchukua ubingwa wa vyuo mara 3 mfululizo, 1975 hadi 1977. Kabla ya hapo Wade alikuwa amefundisha wasichana wa sekondari huko Mississippi, akashinda mechi 453. Jumlisha zote mbili upate 610. Wanaume wa mwaka ule walikuwa na Marv Harshman, aliyefundisha vyuo kwa miaka 40 na kushinda zaidi ya mara 600, naye akaitwa kocha bila ubishi. Teague peke yake anakaribia idadi ya Wade na Harshman wakiwekwa pamoja, halafu katika hafla hiyohiyo yeye ndiye anayenyimwa jina la kazi yake. Tofauti iliyobaki ni moja tu: Wade na Harshman walipita chuoni, Teague hakutoka Byng. Mizani ikiwa ni hiyo, basi haikupima ukocha. Ilipima anwani.

Kapu la wachangiaji lina wenyewe. Naismith mwenyewe yumo humo, na hakuna mahali panapomfaa zaidi, maana alipokuwa kocha wa Kansas alishinda mechi 55 na kupoteza 60. Ukumbi ulifikiri vizuri hapo. Uliona kwamba mtu huyu aliupa ulimwengu mchezo, lakini benchi halikuwa fani yake, na ukamweka anapostahili. Wateuzi walijua kutenganisha mambo hayo mawili walipotaka. Kwa Teague waligeuza mizani, wakamweka kundi moja na mtu ambaye hesabu zake za benchi ni kinyume kabisa cha za kwake.

Tuje kwa makocha wa sekondari waliomo ndani ya Ukumbi kwa jina la kocha, maana yupo anayedhani Springfield haijui kuwaheshimu watu wa ngazi hiyo. Inajua. Ernest Blood wa Passaic, New Jersey, aliingia 1960. Morgan Wootten wa DeMatha aliingia 2000 akiwa njiani kufikisha ushindi 1,274 na vipigo 192. Bob Hurley wa St. Anthony, Jersey City, aliingia 2010, na alipomaliza alikuwa na 1,184 kwa 125. Robert Hughes wa Fort Worth aliingia 2017, na ushindi 1,333 kwa vipigo 247. Piga asilimia: Hughes 84, Wootten karibu 87, Hurley 90 na nusu hivi, Teague karibu 91. Kwa kipimo hicho Teague ndiye wa juu kuliko hao watatu, na ndiye pekee kati yao asiyeitwa kocha. Tena DeMatha na St. Anthony zilikuwa shule za Kikatoliki zilizochukua vijana kutoka miji mikubwa inayozizunguka. Byng ilikuwa na mabinti wa Byng. Mwalimu huyu wa darasa la kwanza alifundisha kikapu wale waliokuwepo, waliokua palepale, na msimu ulipokwisha akasubiri wadogo zao wakue.

Sasa pingamizi kubwa, lile linalotajwa kila jina lake linapozuka: kwamba Oklahoma walicheza mchezo mwingine. Wasichana walikuwa sita kila upande, wafungaji watatu nusu moja ya uwanja, walinzi watatu nusu ya pili, hakuna kuvuka mstari wa katikati, na mpira unadundwa mara mbili tu. Ni kweli tupu. Msomaji aliyecheza mpira wa pete shuleni hahitaji maelezo marefu, kwa sababu pete na mchezo wa sita kwa sita ni watoto wa enzi moja, wote wametokana na kikapu cha wasichana cha miaka ya 1890, na wote wamerithi uwanja uliogawanywa. Je, kuna anayesema kocha wa pete si kocha kwa sababu mlinda goli wake (GK) haruhusiwi kuvuka kwenda kufunga? Hakuna. Anahukumiwa kwa jinsi anavyoutumia mgawanyo huo.

Na mgawanyo huo ulikuwa mgumu kuufundisha. Chukua shambulizi moja. Mlinzi anadaka mpira uliogonga ubao, anageuka, anadunda mara moja, anadunda ya pili, na hapo miguu yake imekwisha. Hawezi kuukimbiza mpira mbele kama anavyofanya beki wa leo akibanwa. Lazima mwenzake awe ameshafika pembeni kupokea, na lazima mfungaji upande wa pili awe amemkimbia anayemkaba na kuja hadi mstari wa katikati kabla pasi haijatoka mkononi. Akiupokea, naye ana midundo miwili hiyohiyo. Watatu dhidi ya watatu, nusu uwanja tupu, na njia pekee ya kufika chini ya goli ni pasi, kukata, kumzuilia mwenzako njia, na mguu unaozunguka bila kunyanyuka. Kosa la pasi halifunikwi na mbio za mtu mwenye kipaji. Kocha alitakiwa kujenga timu mbili ndani ya timu moja, ya kufunga isiyokaba na ya kukaba isiyofunga kamwe, na kuwashawishi mabinti watatu wapende kazi ambayo haitawaletea pointi hata moja maisha yao yote ya shule. Kushinda hivyo mechi 98 mfululizo kunahitaji mafunzo. Mchezo wa leo, ambapo mtu mmoja anadunda sekunde 15 huku wenzake wanne wamesimama kwenye mstari wa pointi tatu wakisubiri, ungemshangaza Teague, na nadhani ungemsikitisha.

Tena pingamizi lenyewe linajikana. Blood aliingizwa kwa ajili ya Passaic, timu ambayo mfululizo wake wa ushindi ulifika mechi 159 kati ya 1919 na 1925. Wakati ule, kila kikapu kilipofungwa, refa alirudi katikati na kuurusha mpira juu upya. Sheria hiyo haikuondolewa hadi 1937. Maana yake timu yenye mrukaji bora ingeweza kufunga, kuudaka mpira, kufunga tena na kuudaka tena, mpinzani asiuguse. Hata mstari wa sekunde kumi ulikuja 1932, baada ya mfululizo ule kukatika. Mchezo huo uko mbali na kikapu cha leo kama ulivyo mbali ule wa wasichana sita. Kwa nini sheria za kale zimsamehe mwanamume wa Passaic na kumhukumu mwanamke wa Byng? Oklahoma ilikuwa jimbo la mwisho kuuacha mchezo wa sita, mwaka 1995, na hadi leo watu wanausema kana kwamba ulikuwa ugonjwa. Ulikuwa mchezo, ulikuwa na mabingwa, na mabingwa hao walifundishwa na mtu.

Wapo pia wanaosema mchangiaji na kocha ni heshima ileile, jengo ni moja. Kama ni ileile, kwa nini majina yawe mawili? Orodha hizo ndizo anazosoma kijana anayetaka kujua makocha wakubwa ni akina nani, na akisoma ya makocha Teague hamkuti. Aliandika kitabu cha kufundishia, Basketball for Girls, mwaka 1962, na aliendesha mafunzo ya kikapu cha wasichana, huo ni mchango kweli. Lakini alialikwa kuandika na kufundisha wengine kwa sababu ya kilichokuwa kikitokea Byng usiku wa mechi.

Nimelisema hili kuhusu Indiana na nitalisema tena, maana ugonjwa ni uleule. Mwaka 1954 Milan, shule ya wanafunzi 161, iliifunga Muncie Central 32 kwa 30 katika fainali ya jimbo, na Bobby Plump akiwa ameushika mpira zaidi ya dakika nne kabla ya kufunga kikapu cha mwisho. Mashindano yalikuwa ya wote. Kuanzia msimu wa 1997–98 wakubwa wa michezo wa jimbo hilo waliyakata kwa ukubwa wa shule, eti kuwalinda wadogo, na sasa mdogo anapewa kombe lake la pembeni na hamfikii mkubwa. Kumpa mtu wa kijijini kundi lake la pembeni ndiko kulikofanyika Springfield pia. Kocha wa sekondari Ralph Tasker wa Hobbs, New Mexico, aliyewabana wapinzani uwanja mzima kuanzia filimbi ya kwanza, na ambaye timu yake ya 1970 ilifikia wastani wa pointi 114.6 kwa mechi kabla hakujawa na mstari wa pointi tatu, hakuhitaji kombe la pembeni. Teague pia hakulihitaji.

Njia ya kurekebisha ipo, na Ukumbi wenyewe ndio ulioichonga. John Wooden aliingia 1960 kama mchezaji, akaingia tena 1973 kama kocha. Lenny Wilkens alifanya hivyo 1989 na 1998. Bill Russell aliyeingia 1975 kama mchezaji alisubiri hadi 2021 kuingizwa kwa ukocha wake wa Boston. Teague alifariki 1991, lakini Ukumbi huo huingiza marehemu karibu kila mwaka, na hesabu zake hazihitaji shahidi. Wabakize jina lake kwa wachangiaji wakipenda. Kisha walete fomu ya makocha, waandike Byng, 1927 hadi 1969, ushindi 1,157 kwa 115, na wapige kura.