Faibromialgia: kipimo kilichohama kutoka kidole cha daktari

Mgonjwa wa faibromialgia akienda maabara, majibu hurudi safi. Damu iko sawa, tezi ya shingo haina tatizo, eksirei haionyeshi kitu. Yeye mwili mzima unamuuma, anaamka amechoka kuliko alivyolala, na akiingia jikoni hakumbuki alifuata nini. Huku kwetu wengi wao hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, na mwisho wanaambiwa hawana ugonjwa wowote. Kauli hiyo si kweli, na mtu anayeumwa hubaki nayo moyoni kwa miaka. Ugonjwa upo na una vigezo vyake. Inafaa kuangalia jinsi vigezo hivyo vilivyotengenezwa, maana ndani yake ndimo unamoonekana ugumu wa kupima maumivu ya mtu mwingine.

Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London alidhani nyuzi za misuli zimevimba, akaupa ugonjwa jina la uvimbe. Waliomfuata waliutafuta uvimbe huo wasiupate. Miaka ya 1970 Hugh Smythe na Harvey Moldofsky, mjini Toronto, walianza kutazama mambo mawili mengine: usingizi uliovurugika, na sehemu fulani za mwili ambazo mgonjwa hushtuka zikibonyezwa. Hilo la pili ndilo lililoshika hatamu.

Chuo cha Rumatolojia cha Marekani kilitoa vigezo rasmi mwaka 1990. Timu ya Frederick Wolfe ilikusanya watu 558 kutoka vituo 16 vya Marekani na Kanada: 293 waliokwishaambiwa wana faibromialgia, na 265 wenye maumivu ya magonjwa mengine, kama baridi yabisi na matatizo ya shingo na mgongo. Kati ya yote waliyoyapima, mawili yaliwatofautisha vizuri zaidi. La kwanza ni maumivu yaliyoenea kushoto na kulia, juu na chini ya kiuno na kwenye uti wa mgongo, kwa miezi mitatu au zaidi. La pili ni kuumia penye sehemu 11 kati ya 18 zikibonyezwa kwa nguvu ya kilo 4. Sehemu hizo ni jozi tisa: chini ya kisogo, mbele ya shingo upande wa chini, juu ya bega, juu ya mfupa wa bega, ubavu wa pili, nje ya kiwiko, kalio, nje ya nyonga na ndani ya goti. Kilo 4 ni kiasi cha kubonyeza mpaka ukucha wa kidole gumba cha daktari uanze kupauka. Vigezo hivyo viliwanasa asilimia 88.4 ya wagonjwa na kuwatenga asilimia 81.1 ya wasiokuwa nao.

Takwimu zinapendeza, ila msingi wake una ufa. Wale 293 waliteuliwa na mabingwa ambao tayari walikuwa na mazoea ya kubonyeza sehemu hizohizo. Si ajabu kubonyeza kukaonekana ndiyo alama bora. Tena wanawake kwa wastani huhisi maumivu kwa mgandamizo mdogo kuliko wanaume, hivyo kipimo chenyewe kiliufanya ugonjwa uonekane wa wanawake karibu peke yao. Aliyeumia sehemu 10 alirudishwa nyumbani, aliyefika 11 akapewa jina la ugonjwa wake. Kwa maoni yangu kosa kubwa kuliko yote ni kwamba uchovu na usingizi usiopumzisha, ambavyo wagonjwa wenyewe huvilalamikia sawa na maumivu, havikuhesabiwa kabisa.

Wakati huohuo picha ya chanzo ilianza kubadilika. Mwaka 2002 Richard Gracely na Daniel Clauw walibonyeza kidole gumba cha wagonjwa 16 na watu wazima wa afya 16 wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Wagonjwa walihitaji mgandamizo mdogo zaidi, kilo 2.4 badala ya 4.16, ili kufikia maumivu yaleyale, na ubongo wao uliwaka katika maeneo yaleyale ya maumivu. Hawakuwa wakijifanya. Mfumo wa fahamu ndio uliopandisha sauti ya maumivu mwili mzima, na zile sehemu 18 hazikuwa na siri yoyote ya pekee.

Mwaka 2010 Wolfe na wenzake wakaachana na kubonyeza. Sasa daktari anauliza. Mgonjwa anataja alikoumia wiki iliyopita kati ya maeneo 19 ya mwili. Kisha uchovu, kuamka bila kupumzika, na ugumu wa kufikiri au kukumbuka, kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 3. Dalili nyingine za mwili nazo huongeza hadi alama 3, jumla 12. Mwenye maeneo 7 na alama 5 anaingia, na mwenye maeneo 3 hadi 6 anaingia akifikisha alama 9.

Hapo likatokea tundu. Chukua mtu anayeumwa taya, bega, mkono wa juu na wa chini, vyote vya kushoto, pamoja na shingo, mgongo wa juu na kifua. Amefikisha maeneo 7, lakini pengine ana tatizo la shingo tu linaloshuka mkononi. Marekebisho ya 2016 yaliligawa umbo la mwili mafungu matano, yaani juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia na katikati, yakataka maumivu katika manne. Mtu wetu ana mawili tu, basi anatafutiwa sababu nyingine. Kiwango cha chini cha maeneo nacho kilipandishwa kutoka 3 hadi 4.

Badiliko jingine la 2016 lina uzito mkubwa kliniki: faibromialgia hutambuliwa hata kama mgonjwa ana ugonjwa mwingine. Mwenye baridi yabisi anaweza kuwa nayo pia. Daktari asipoiona atahesabu viungo vinavyouma, adhani baridi yabisi imechachamaa, na kuongeza dawa kali zisizogusa tatizo. Kwa hiyo mikono ya daktari bado ina kazi, ila sasa inatafuta mengine: kiungo kilichovimba, misuli iliyopoteza nguvu. Homa, kukonda na ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa moja vinaelekeza kwingine. Huku Afrika Mashariki brusela, selimundu na VVU lazima vifikiriwe. Vipimo vichache vya damu vinatosha kwa kazi hiyo, na havina haja ya kurudiwa kila mwezi.

Kilichobaki bila jibu ni mpaka. Ukijumlisha maeneo na alama unapata ngazi ya 0 hadi 31, na maumivu ya binadamu hupanda ngazi hiyo kidogokidogo. Wolfe mwenyewe alijitokeza hadharani kutilia shaka kama kuna mstari wa asili unaomtenga mgonjwa na asiye mgonjwa. Shaka yake naielewa, lakini haimpi mhudumu ruhusa ya kumfukuza mtu. Mwenye 11 na mwenye 13 kwenye ngazi hiyo wanahitaji mambo yaleyale: kuelezwa kinachoendelea mwilini, mazoezi yanayoanza taratibu, ambayo wataalamu wa Ulaya waliyapa pendekezo lao pekee lenye nguvu mwaka 2017, na pengine amitriptilini kidogo kabla ya kulala.