"Jamii za Asili" katika Jedwali la Tatu: Usomaji kutoka Nyakiyumbu

Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini humo, mradi mmoja wa wazazi, babu au bibi zake ni, au alikuwa, wa jamii ya asili iliyokuwa ikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimetajwa katika Jedwali la Tatu: 56 mwaka 1995, na 65 baada ya marekebisho ya 2005. Jedwali hilo limeachiwa zaidi wanasheria, ingawa ni orodha ya majina, na majina ni kazi ya wanaisimu. Likisomwa kutoka gombolola ya Nyakiyumbu, wilayani Kasese, jirani na Bwera na kivuko cha Mpondwe, linaonekana kutenda jambo ambalo matini yake haikiri: linaugeuza mgawanyo uliofanywa na watu kuwa urithi wa damu.

Tarehe yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Siku hiyo ya 1926 hakuna kabila lililozaliwa wala kufika. Ndiyo siku ambayo utawala wa Kiingereza uliihamishia Kenya mikoa ya upande wa Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, na hivyo kurekebisha mpaka wa mashariki. Mkulima wa Nyakiyumbu anapimwa asili yake kwa tarehe ya ziwa lililo ng'ambo ya pili ya nchi. Mpaka unaomgusa yeye ulikubaliwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, ukapita juu ya Rwenzori na, upande wa Mpondwe, ukafuata mto Lhubiriha. Ulizikata koo katikati. Wa mashariki wakaandikwa Wakonzo, wa magharibi wakajulikana kuwa Wanande. Wenyewe pande zote mbili hujiita Bayira. Malcolm Guthrie, katika kuziainisha lugha za Kibantu, alizipa lugha zao namba mbili zinazofuatana ndani ya kundi moja, D40, na wazungumzaji wake huelewana bila mkalimani. Jedwali la Tatu linao Wakonzo; Wanande halinao.

Hapo ndipo penye uzito wa kisera. Tuseme mtoto amezaliwa Nyakiyumbu na mama aliyetoka Kasindi, na upande wa baba haujulikani. Fomu ya kitambulisho cha taifa itamtaka ataje kabila. Akiandika Mkonzo, mlango u wazi. Akiandika Mnande, ambalo ni jina la watu walewale, ataanza kuulizwa maswali. Hakuna kipimo cha vinasaba kitakachoyatenga majibu hayo mawili. Tangu 1972, Richard Lewontin alipoonyesha kwamba takribani asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya kila kundi, wala si baina ya makundi, hoja ya kwamba mbari ni mipaka ya kimaumbile imebaki bila mguu wa kusimamia. Kama haisimami baina ya mabara, itasimamaje baina ya kingo mbili za Lhubiriha?

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba hapa panazungumziwa kabila, si mbari. Pingamizi hilo lina nguvu kamusini kuliko katika historia ya Rwenzori. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha dhana yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitokana na watu wa Uhabeshi waliokuja kuwatawala wakulima weusi. Hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya sura na vimo vya watu na imani aliyokuja nayo. Dhana hiyo ya "Wahamiti" ndiyo iliyofanya falme zionekane kuwa kazi ya mbari bora, na watu wasio na ufalme mkubwa, wakiwamo wa milimani, waonekane kuwa wa kutawaliwa. Lugard alipomrejesha Kasagama kwenye kiti cha Toro mwaka 1891, na mkataba wa Toro ulipotiwa saini mwaka 1900, Wakonzo walijikuta chini ya ufalme ambao wengi wao hawakuuchagua. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli walinyongwa mwaka 1921 kwa kuupinga utawala huo. Isaya Mukirane na wenzake walitangaza Rwenzururu mwaka 1962. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009; mwaka 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa Kasese katika makabiliano ya vikosi vya serikali na walinzi wa kifalme.

Isidhaniwe kwamba waliodhulumiwa waliitupa lugha ya waliowadhulumu. Madai ya "sisi ndio wenyeji" yametolewa Kasese na Wakonzo, na vilevile na Wasongora na Wanyabindi, kila mmoja kwa haki yake na kila mmoja kwa gharama ya jirani.

Kiswahili nacho kina lawama. Istilahi yake iliyozoeleka, ubaguzi wa rangi, inadai ngozi mbili tofauti kabla ya kukubali kwamba pana ubaguzi. Katika soko la Bwera ngozi haimtengi Mkonzo na Mtooro, kwa hiyo yaliyotokea hukosa jina na kuitwa ugomvi wa kikabila, kana kwamba yalianza yenyewe. Mbari, neno ambalo wanataaluma wamelichukua kuziba pengo, nalo lina kasoro: kwa asili ni ukoo, pwani na hata kwa Wakikuyu, kwa hiyo linanong'ona damu mahali ambapo mwandishi anataka kuikana. Ni afadhali kulitumia likiwa na fasili kuliko kuliacha, lakini fasili hiyo hutolewa kwa nadra mno.

Kwamba Jedwali linabeba rangi bila kuitaja huonekana kwa kuwalinganisha Wanubi na Wahindi. Wanubi wametokana na askari wa Kisudani wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwaingiza katika utumishi wake mwaka 1891. Wamo orodhani, na ni haki wawemo. Wahindi nao walikuwapo Uganda mwaka 1926, wengine wakiwa na maduka na watoto waliozaliwa humo, hawamo. Tarehe ni ileile, matokeo mawili. Kenya ilikwenda njia nyingine: Julai 2017 raia wake wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa kabila la 44. Tangazo lilifanya kwa siku moja jambo ambalo damu inasemekana kulifanya kwa karne nyingi, na hakuna aliyebadilika mwili.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha hiyo, iliyotajwa kuwa rasmi ya pili katika marekebisho yaleyale ya 2005, itahitaji maneno ya kuisomea Katiba darasani. "Jamii za asili" ndiyo tafsiri inayokuja haraka mdomoni, na ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inathibitisha kile ambacho sheria imekitangaza tu. "Jamii zilizotambuliwa" ni sahihi zaidi: inamwonyesha msomaji kwamba yuko anayetambua. Neno hilo halitamwingiza Mnande katika Jedwali. Kwa hilo panahitajika Bunge, na kabla ya Bunge, mwongozo kwa maofisa wa usajili wa Kasese kwamba Mkonzo na Mnande wahesabiwe kuwa jina moja lenye matamshi ya nchi mbili.