Ulimi wa Kuazima: Usemi wa Mkongo katika Conrad na Hergé

Wahakiki wa fasihi ya kikoloni wamezoea kuanza na sura: midomo iliyovimbishwa na mchoraji, macho yaliyotolewa nje, ngoma, giza la msitu. Kazi hiyo ina faida yake. Lakini kwa mwanaisimu kuna jambo jingine linalostahili kutangulizwa, nalo ni usemi. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha kwamba dharau ya kibaguzi hujengwa pia, na pengine kwa uthabiti zaidi, katika lugha anayopewa au kunyimwa mhusika Mwafrika. Na kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili hatujasalimika nayo.

Joseph Conrad alisafiri katika mto Kongo mwaka wa 1890. Riwaya yake fupi, Heart of Darkness, ilitoka katika jarida mwaka wa 1899, kisha katika kitabu mwaka wa 1902. Hatukatai kwamba mwandishi huyo aliufichua unyang'anyi wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Hata hivyo, katika hotuba aliyoitoa mwaka wa 1975 kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Chinua Achebe alionyesha jinsi Waafrika wa riwaya hiyo wanavyokaribia kunyimwa maneno kabisa. Mmoja anataka apewe maadui ili waliwe. Mwingine anatangaza kifo cha Kurtz. Wote wawili wanatumia Kiingereza kilichovunjika. Kwingineko tunasikia mayowe na minong'ono tu.

Turefushe hoja ya Achebe. Mabaharia wale walizungumza nini wao kwa wao? Msimulizi hajiulizi. Lugha asiyoielewa anaiita kelele, na hivyo ujinga wake mwenyewe unageuzwa kuwa upungufu wa wengine.

Kwa Hergé mambo ni wazi zaidi. Hadithi yake ya michoro, Tintin au Congo, ilitoka kwa mfululizo mjini Brussels katika Le Petit Vingtième, kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1931. Humo Wakongo wanasema Kifaransa cha kukatika, kile kilichoitwa petit nègre. Milou, mbwa wa Tintin, anasema Kifaransa safi! Msomaji mtoto hahitaji kuelezwa ngazi ya viumbe ilivyopangwa: anaisoma katika sarufi. Mwaka wa 1946 hadithi ilipochorwa upya kwa rangi, somo ambamo Tintin aliwafundisha watoto weusi kwamba Ubelgiji ni nchi yao liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Siasa ilisahihishwa, ulimi uliovunjika ukaachwa. Mwaka wa 2007 raia mmoja wa Kongo alianza kukidai kitabu hicho mahakamani Brussels, na mwaka wa 2012 dai lake likakataliwa. Wanaokitetea husema ni kitabu cha wakati wake. Tukubali kwamba Hergé alifuata mawazo ya mazingira yake, kama alivyokiri mwenyewe baadaye. Lakini marekebisho ya 1946 yanathibitisha kwamba wakati ulipita na ulimi ule ukabaki.

Je, usemi huo ulinakiliwa tu kutoka vinywani mwa watu? Mwaka wa 1916, Paris, kilichapishwa kitabu kidogo kilichowaelekeza wakufunzi namna ya kusema na askari weusi wa jeshi la Ufaransa kwa sentensi fupi zenye vitenzi visivyonyambuliwa. Askari hao hawakuwa wa Kongo, lakini funzo linatuhusu: lugha iliyovunjika ilifundishwa kwanza, kisha mwanafunzi akachekwa kwa kuijua.

Dhidi ya ulimi huo wa kuazima tunayo hati moja yenye thamani kubwa. Mwaka wa 1965, mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika Vocabulaire ya mji huo kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, wale maboyi ambao vitabu vya Wazungu viliwafanya vichekesho. Humo, kwa Kiswahili cha mji wao, wanasimulia ujio wa Wazungu, kazi, mishahara na maisha ya jiji kama walivyoyaona. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1990. Mtumishi wa Tintin hana wakati uliopita wala hoja. Watumishi wa Yav wana vyote viwili.

Na hapa ndipo tunapojikwaa. Ni wangapi kati yetu wanaoifungua hati hiyo na kuona kwanza upungufu: tahajia isiyo sanifu, maneno yaliyounganishwa, upatanisho usiofuata kitabu cha shule? Tunakiita Kiswahili kibovu, huku tukitumia kipimo kilekile cha Hergé. Hatupingi Kiswahili sanifu, nasi tunakiandika hapa. Tunapinga kudhani kwamba asiyekisema hana sarufi. Usemi wa Lubumbashi una kanuni zake, na wajibu wa mwanaisimu ni kuzieleza.

Kwa hiyo tunapendekeza Conrad na Hergé waendelee kusomwa katika madarasa yetu, bila kufichwa, na Vocabulaire isomwe kando yao. Mwanafunzi aulizwe katika kila ukurasa: nani anasema, kwa lugha gani, na nani aliyempa lugha hiyo? Mwalimu naye ajiulize hivyo anaposahihisha insha.